Jinsi ya kuvua kwa mshipi ndani ya mikoko ya Mida ukiwa na nahodha wa pale

Kila nikiweka picha ya changu ama chewa niliyemtoa Mida watu wananiuliza maswali yale yale, ndoana namba ngapi, mshipi wa kilo ngapi, chambo gani. Ni maswali mazuri na nitayajibu yote huku mbele, lakini mi swali langu kwa mtu yeyote anayetaka kwenda ni moja, mwezi leo ngapi, yani leo ni siku ya ngapi tangu mwezi uandame? Kama hujui mwezi wa leo ni ngapi bado hujapanga safari, umepanga tu kwenda kukaa juani.

Kwa wale hawajafika, Mida Creek iko Kilifi kaunti, hapo karibu na Watamu na Gede, ukitoka Mombasa kwa matatu za Malindi unashuka kabla hujafika Gede. Ni kriki kubwa, yani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, kama kilomita za mraba 32, imezungukwa na mikoko na inaongea na bahari kupitia mlango mmoja mwembamba. Huo mlango ndo kila kitu. Maji yote yanayojaza yale matope na kufunika ile mizizi yanapita hapo, yanaingia mara mbili na kutoka mara mbili kila siku, na samaki wanaingia nayo wakitafuta chakula halafu wanarudi nayo. Hakuna samaki anayekaa mahali kwa sababu wewe umefika. Kwa hivo unachonunua ukilipa nahodha sio boti wala sio mshipi, unanunua kichwa chake, maana yeye anajua saa ngapi maji yatafika mzizi upi na nani anakuja nayo.

Sasa maji yenyewe. Bamvua, yani maji makubwa, inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na nguvu zake hasa zinafika siku moja mbili baadaye. Siku hizo bahari ya kwetu inajaa mida ya saa kumi saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa inakuwa saa nne saa tano asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa inakaribia mita nne. Mita nne ndani ya kriki yenye mlango mwembamba ni mto, chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi, haikai chini, mshipi unalala ubavu, maji yanakuwa machafu kama chai ya maziwa. Maji mafu ni kinyume chake, yanakuja mwezi nane mwezi tisa na tena ishirini na mbili ishirini na tatu, maji yanajaa kidogo saa nne saa tano asubuhi na hayana mwendo, na samaki bila mwendo wa maji hana haraka ya kula.

Mi siku zangu ni zile za katikati maji yakianza kukua. Mwezi kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, ama ishirini na tano mpaka ishirini na saba. Kwa nini? Kwa sababu kila siku maji yanachelewa kama dakika hamsini hivi, ukihesabu utaona siku hizo kupwa inaangukia saa moja saa mbili asubuhi, halafu maji yanapanda asubuhi yote mpaka saa saba saa nane mchana. Yani unaingia na maji, unavua yakipanda, unapumzika yakisimama, unavua tena yanapoanza kutoka na unarudi nyumbani mchana na boti inaelea. Angalia kalenda ya Kiislamu ukutani ama jedwali la maji la KPA, wale wa mamlaka ya bandari, hata apu za simu ziko, ila kumbuka saa wanazoandika ni za baharini nje, ndani kabisa kwenye mikoko maji yanafika yamechelewa. Yamechelewa kiasi gani inategemea na sehemu, hapo ndo unamuuliza nahodha na unanyamaza akikujibu.

Nasema unanyamaza kwa sababu mi sikunyamaza. Safari yangu ya pili nilienda Jumamosi kwa sababu ni Jumamosi, na ilikuwa bamvua. Mzee, nahodha wangu, akaniambia mapema kabisa, tutaingia alfajiri na saa mbili na nusu tunatoka, maji yanakimbia. Saa mbili na nusu ilipofika ndo changu walikuwa wameanza kuchezea chambo, nikamwambia mzee dakika kumi tu, halafu kumi nyingine, na yeye kwa adabu yake akanipa. Dau likakaa kwenye tope. Tulikaa pale mpaka saa saba mchana, hakuna kivuli, maji ya kunywa lita moja na nusu kwa watu watatu, mmoja akiwa kijana wa miaka kumi na minne. Yule kijana alitapika kwa jua. Tangu siku hiyo nahodha akisema tunatoka mi ndo wa kwanza kukunja mshipi, na wewe nakuomba ufanye hivo hivo, asiseme mara mbili.

Kumpata nahodha mzuri, usichukue wa kwanza anayekukimbilia ufuoni. Nenda pale wavuvi wanaposhukishia samaki uulize ofisi ya BMU, ni kile kikundi cha wavuvi wa eneo, wanajua nani ana leseni, nani ana boti nzima na nani anajua mikoko. Kisha nenda ukamsalimie mwenyewe siku moja kabla. Shikamoo yake umpe, ukae, muongee. Muulize samaki gani anatoka sasa, alivua lini mara ya mwisho, maji ya kesho yanajaa saa ngapi. Anayejua atakujibu bila kuangalia simu, na mara nyingi atakwambia kesho sio nzuri njoo keshokutwa. Huyo mshike! Yule anayekwambia siku yoyote iko sawa, samaki wapo tele, huyo mwachie.

Mkubaliane mapema kabla hamjaingia majini. Bei ni ya boti nzima ama ya kila mtu, chambo ni juu ya nani, mafuta kama kuna injini, na samaki ni wa nani. Hili la samaki watu wanaona aibu kulisema halafu linaleta maneno mchana. Kawaida yangu mi nachukua wa kula nyumbani, wawili watatu, wengine wanabaki na nahodha na malipo yake yako pale pale. Na kama unampa nusu kwanza kwa M-Pesa ili anunue kamba wa chambo alfajiri, mpe, ni haki.

Kuhusu ruhusa, hapa uwe makini. Mida iko ndani ya Watamu Marine National Reserve ambayo iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na pale nje ya mlango unapakana na Marine Park yenyewe. Ndani ya Park hakuna kuvua kabisa, iwe mshipi iwe nini, imekuwa hifadhi tangu 1968. Kwenye Reserve uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa kwa utaratibu, ndo maana mi naongelea mshipi wa mkono hapa. Ukitaka kuja na fimbo na rili yako uliza kwanza BMU na KWS leseni gani inatakiwa, usije ukaanza mabishano na askari ukiwa ndani ya boti ya mtu ambaye kesho anataka kurudi kazini. Ada za KWS siku hizi zinalipwa eCitizen, lipa ukiwa nyumbani kwenye netiweki. Na mipaka ya Park nahodha anaijua, akikwambia hapa hatushushi mshipi usimshawishi.

Boti. Ukipata dau ama mtumbwi wa kusukumwa na upondo, ule mti mrefu, chukua huo, usitamani injini. Ndani ya mikoko maji ni ya kiuno, samaki anasikia kila kitu, hata kopo likianguka ndani ya chombo. Upondo unashuka kwenye tope polepole, chombo kinateleza, na unaweza kusogea mpaka ukafika mita chache kutoka kwenye mizizi bila hata mkizi kushtuka. Uzuri mwingine wa kriki ni kwamba msimu wa kusi, kuanzia Aprili huko mpaka Septemba, wakati nje kuna mawimbi na wavuvi wadogo wengi wamefunga, ndani huku bado kunavulika. Ila mvua kubwa za Aprili na Mei zikinyesha maji yanachafuka, subiri siku kadhaa yatulie. Laifjaketi ni lazima, vaa hata kama maji ni ya kiuno, tope ukikanyaga unazama mpaka gotini na mkondo wa mlangoni haujali kama unajua kuogelea.

Vifaa ni vichache. Mshipi wa nailoni wa kuhimili kilo 15 mpaka 20, mita hamsini zinatosha, uzungushe kwenye kibao ama chupa ya plastiki. Mbele weka kipande cha urefu wa mkono mmoja cha mshipi mnene zaidi, kilo 30 hivi, kwa sababu mizizi ya mkoko imejaa chaza na chaza ni wembe. Ndoana saizi 1/0 ama 2/0 kwa changu na chewa wa kawaida, usibebe makubwa kwa tamaa. Chubwi ndogo kadri iwezekanavyo, ile tu ya kukufikisha chini, maji yakikaza ndo unaongeza. Beba koleo ya kutolea ndoana, kisu, glovu za kitambaa ama funga vidole kwa plasta maana mshipi ukikimbia unakata, kofia, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunga sio ndala, maji ya kunywa lita tatu kila mtu. Miwani ile ya kuondoa mng'ao wa maji kama unayo itakuonyesha vitu ambavyo hukuwahi kujua viko pale chini. Jioni kuna usubi, paka mafuta.

Chambo bora ni kamba mbichi wa siku hiyo hiyo. Mvunje kichwa kama ni mkubwa, ingiza ndoana kuanzia mkiani ipite ndani ya nyama ifuate mgongo, ncha itokee tumboni kidogo tu. Ukimchoma katikati kama nyama ya mshikaki atazunguka kwenye maji kama feni, mshipi utajisokota na samaki atajua hapa kuna kitu. Ngisi aliyekatwa vipande virefu vyembamba anakaa vizuri kwenye ndoana na hawamnyofoi haraka. Mkizi wa kukatwa minofu kwa chewa. Na kuna wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanaojaa kwenye tope maji yakitoka, samaki wengi wanawala, lakini uchukue wachache kwa ruhusa ya nahodha, usifanye kuwafagia.

Sasa kuvua kwenyewe. Maji yanapoanza kupanda mnatafuta mdomo wa mkono wa maji, vile vijito vinavyoingia ndani ya mikoko. Chombo kinafungwa upande wa nje, sio katikati ya njia, halafu mnangoja. Utasikia mikoko ikianza kutoa sauti, tik tik tik, ni vikamba vidogo vinavyolipua makucha yao chini ya maji. Angalia mkizi. Mkizi akitembea kundi kwa utulivu na midomo juu, bado. Mkizi wakiruka wote kwa pamoja upande mmoja, kuna mtu yuko nyuma yao, mara nyingi kolekole ama mzia. Nahodha wangu hata haangalii maji, anaangalia ndege, yangeyange akisogea kutoka mzizi huu kwenda ule mzee anasogeza upondo.

Tupa chambo juu ya mkondo, acha maji yachukue yalete mbele ya mizizi, mita moja hivi kutoka kwenye mizizi, sio ndani. Shika mshipi kwa kidole cha shahada, usiukaze na usiulegeze, uwe unasikia chubwi ikigusa chini, tup, inaburuzwa kidogo, tup. Hiyo ni tope. Ikigota ni chaza, inua. Changu anabisha hodi, anagonga mara mbili tatu kidogo kidogo, wengi wanavuta hapo na wanatoa ndoana tupu. Mwache, ngoja uone mshipi umeanza kutembea, ndo unavuta kwa mkono mzima taratibu na moja kwa moja, bila kutwanga. Chewa hana hodi. Anameza na kurudi nyumbani kwa safari moja na nyumbani kwake ni shimoni chini ya mzizi. Una kama pumzi mbili hivi, mshipi ufungwe mkononi kwenye glovu na umvute kutoka pale, usimpe hata mita moja. Akishaingia shimoni anapanua mashavu yake na miiba anajikaza na ukivuta mshipi unakatika. Hapo legeza kabisa. Legeza mshipi ulale kama umekata tamaa, ongeeni mambo mengine dakika tatu nne tano, mara nyingi anajisahau anatoka mwenyewe, ukiona mshipi unatembea vuta. Hii mzee alinifundisha na nimetoa chewa wanne hivo ambao ningekuwa peke yangu ningewaachia ndoana mdomoni. Kolekole yeye ni tofauti, mpe mshipi, akimbie, achoke, maji ya wazi hayana mizizi.

Maji yakisimama kula kunapungua, kuleni na nyie. Yakianza kutoka hamieni midomo ya vile vijito, upande wa chini, maana sasa kamba na samaki wadogo wote wanafagiliwa nje na wakubwa wanawasubiri pale. Saa moja na nusu ya kwanza ya kutoka ni tamu sana. Halafu mnaondoka, nshasema.

Vitu vya kukuumiza. Hongwe ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili pembeni, na ina sumu, usimshike kwa mkono, mtoe kwa koleo juu ya maji ama mwachie nahodha. Taa analala kwenye tope, ukishuka kutembea buruta miguu usiinue, atakusikia atatoka. Ukichomwa na mmoja wao chovya pale penye jeraha kwenye maji ya moto, moto wa kuvumilika usiunguze ngozi, maumivu yanapungua, halafu nenda hospitali maana mwiba hukatikia ndani na kidonda cha tope kinaoza haraka. Mi hubeba chupa ya chai ya maji moto kila safari na nusu yake hainywewi. Na bunju, yule anayevimba kama mpira, hata akiwa mzuri vipi haliwi, sumu yake haiishi kwa kupika.

Kuhusu kurudisha samaki, hapa nitaongea kwa moyo wote. Mikoko ni chekechea. Chewa wadogo na changu wadogo wanakaa humu mpaka wakue ndo watoke kwenda kwenye mwamba nje. Chewa tena ana jambo lake, anaanza maisha akiwa jike na baadhi wakifika ukubwa fulani wanageuka madume, kwa hivo tukimaliza wadogo tumemaliza mama na baba wa kesho kwa pamoja. Wa chini ya urefu wa mkono wako, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, mrudishe. Lowesha mikono kwanza, usimshike matamvua, toa ndoana akiwa karibu na maji, akimeza ndani sana kata mshipi karibu na mdomo, usichimbe. Mshike wima majini akielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu zake.

Kasa wapo wengi Mida wanakula nyasi za baharini. Akinasa mshipi wako usikate ukamwacha na ndoana, usimvute kwa mshipi pia, nahodha atamkamata kwa gamba, na mpige simu Local Ocean pale Watamu, wana sehemu ya kutibu kasa na wavuvi wa huku wamezoea kuwaita. Matawi ya mkoko usikate kutengeneza kivuli wala kufungia chombo, funga kwenye upondo uliochomekwa. Mche mdogo wa mkandaa, aina ya mkoko, unaokanyaga ukishuka bila kuangalia umechukua miaka kufika pale.

Wale wa kula, waue mara moja, kisu nyuma ya kichwa, watoe matumbo, ingiza kwenye ndoo ya barafu iliyochanganywa na maji ya bahari. Samaki aliyekaa juani kwenye sakafu ya dau masaa mawili hata nazi haimwokoi. Ukifika gatini mlipe nahodha pale pale kabla hujaanza kupiga picha, mpe mkono, muulize mwezi ngapi mrudi. Halafu okota vipande vyote vya mshipi vilivyokatika ndani ya chombo, hata kile cha inchi tatu, weka mfukoni nenda nacho nyumbani. Nimewahi kumkuta yangeyange amefungwa miguu yote miwili kwenye mkoko na kipande cha mshipi kama chako, alikuwa hai bado, mzee akamkata polepole kwa kisu na yule ndege akakaa kwenye ukingo wa dau kama dakika mbili ndo akaruka.